Josho Lililojaa

Runyenjes,
7 Februari 1988

Kwa Ndugu Mwongera,

Habari za Ruiri? Huku kwetu ni saa nne na ukungu bado umekataa kuondoka. Kilima cha Kirimiri sikioni, na kahawa yangu naiona mistari miwili tu, mingine imemezwa. Asubuhi kama hii mtu huona afadhali aandike barua kuliko kuzunguka shambani akitafuta miguu yake.

Pengine umenisahau. Mimi ni Rwamba, yule mama mwalimu mstaafu aliyekuuliza maswali mpaka ukakosa chai, pale kwenye mafunzo ya wakulima mjini Embu mwaka juzi. Ulitueleza habari za kupe. Ulisema umekuwa mwangalizi wa josho la Ruiri miaka kumi na minne, na unamjua kila ng'ombe kwa kwato zake. Nilirudi nyumbani nikamwambia jirani yangu Wambeti kwamba sijawahi kusikia mtu akizungumzia wadudu kwa upole namna ile.

Sasa nina jambo. Tumeanzisha Umoja wa Wakulima na Wafugaji wa Mlimani. Hatuuzi wala hatununui kitu. Kazi yetu ni kusema, pale wakulima wanapokatiwa mambo bila kuulizwa. Tuko watu mia moja na arobaini na tunaendelea kuongezeka. Tarehe 22 Juni wakubwa watakaa hapa Embu kusikiliza habari za majosho ya mkoa. Nasikia lenu limefungwa kwa kufuli tangu Desemba, na wanataka lisifunguliwe tena. Hoja yao ni kwamba ng'ombe waliogeshwa na bado wakafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kwa hiyo josho halina faida. Likifutwa, mtafuga nini huko? Kuku?

Hakuna anayelijua josho lile kukushinda. Njoo ulisemee. Na kabla ya hapo, waandikishe wenzako wa Ruiri, maana mtu mmoja akisema huitwa mlalamishi, lakini wakisema wengi huandikiwa kumbukumbu.

Nangoja jibu, na mimi si mvumilivu.

Mwalimu Rwamba


Ruiri,
28 Februari 1988

Mwalimu Rwamba,

Sijakusahau. Chai ile niliikosa kweli.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi kwenye ukuta wa josho. Huwa nakuja hapa ingawa hakuna kazi. Asubuhi nchi inashuka polepole kutoka miguuni kwangu mpaka upande wa Isiolo, na kule chini kila kitu kina rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hujui ardhi inaishia wapi. Nikikaa sana naanza kuhisi kwamba mimi pia naelea, na sijali.

Usiku naota ng'ombe, Mwalimu. Wanakuja kwa mstari kama kila Jumanne, lakini kwato zao hazina sauti. Wanaruka ndani ya josho mmoja mmoja, nami nasimama upande wa kutokea nikiwangoja. Hawatoki. Maji yanatulia. Nikiinama nayaona mawingu yakipita ndani yake, taratibu, na wingu moja lina pembe.

Jirani yangu Kaberia alipoteza ng'ombe wanne mwaka jana, kati ya Septemba na Novemba. Tulitahiriwa mwaka mmoja, yeye na mimi. Jioni bado huja kwangu, tunakunywa uji, na haniulizi kitu. Mkewe, Cicily, alikuwa akiuza maziwa shuleni. Sasa huenda sokoni na viazi.

Kuhusu chama chenu, nakushukuru. Lakini mimi si mtu wa vyama. Sauti yangu ni ya kuita ng'ombe, na ng'ombe hawaulizi maswali. Tafuta mtu mwingine.

Mungu akubariki.

Mwongera


Runyenjes,
16 Machi 1988

Ndugu Mwongera,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikachoma maharagwe. Yale mawingu ndani ya josho yamenikaa kichwani. Lakini siwezi kupeleka mawingu mbele ya wakubwa.

Unaogopa kusimama mbele ya watu, si ndiyo? Sema tu. Mwanaume anayeweza kushika fahali kwa pembe anaogopa kiti na meza! Acha nikwambie sisi tulivyoanza.

Hapa juu tunachuma majani chai. Lori la kuyachukua lilikuwa likifika jioni, na majani yakikaa juani yanageuka mekundu, karani anayakataa. Kila mwanamke alimwendea karani peke yake. Mmoja alimbembeleza, mwingine akamtukana, wa tatu akampelekea ndizi. Mimi nilimwandikia kwa kalamu nyekundu, nikamsahihisha na tahajia. Karani alituzoea kama mtu anavyozoea mvua kwenye bati. Miaka mitatu!

Siku moja Wambeti alimwaga kikapu chake kizima pale chini. Huyu Wambeti ni mtu ambaye hata kanisani huimba kimoyomoyo. Akatuambia, "Mimi nimechoka kuombaomba kila mtu na siku yake. Leo twende sote, na tuseme neno moja." Tukaandika barua moja, tukatia majina, tukaipeleka sote na matope yetu miguuni. Wiki ya pili lori likaanza kuja saa nane. Hakuna aliyepiga kelele. Nilitembea kwenda nyumbani jua likiwa bado juu na kikapu kitupu mgongoni, nikaona njia ile ni kama sijawahi kuipita. Hicho ndicho chama, ndugu yangu. Kadi zilikuja baadaye.

Kama hutaki kuja, basi nitumie kitabu cha josho, kile unachoandika kipimo kila wiki. Kitabu hakioni haya.

Rwamba


Ruiri,
3 Aprili 1988

Mwalimu,

Leo ni Pasaka. Tumetoka kanisani na watu wamevaa nyeupe, na upepo umewajaza nguo hata mtu angedhani wanataka kuruka.

Kitabu ndicho hiki. Kisome vizuri. Wewe ni mwalimu, utaona yaliyomo.

Jana niliota Karembo, ng'ombe wa Kaberia aliyekufa wa mwisho. Alisimama mlangoni kwangu akidondosha maji. Nikamfuta kwa blanketi langu, nikamfuta, na kila nikimfuta yanatoka mengine, mpaka nyumba ikawa inaelea na sisi ndani tukipita juu ya mashamba ya ngano. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Kisome vizuri, tafadhali.

Mwongera


Runyenjes,
22 Aprili 1988

Ndugu Mwongera, mtu mwema!

Kitabu chako kimenifanya nicheke peke yangu kwa furaha. Miaka kumi na minne bila Jumanne hata moja kurukwa! Nimekipitia chote, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka jana kuanzia Juni mpaka Novemba, wakati wenzako huko wanapoteza ng'ombe, wewe umeandika kila wiki: josho limejaa hadi alama ya juu. Hata wakati wa kiangazi limejaa! Sehemu ya dawa umeiacha wazi miezi ile, nadhani hesabu hiyo ilikuwa ikiwekwa ofisini. Haidhuru.

Basi nimeandika waraka wetu. Sikiliza unavyosema: "Mwangalizi, Bwana Mwongera wa Ruiri, alitunza josho likiwa limejaa wakati wote. Ng'ombe waliogeshwa kila Jumanne. Kama walikufa, basi dawa iliyoletwa ilikuwa mbovu, na aliyeileta ndiye wa kuulizwa." Umeona? Wewe husemi neno. Unatia sahihi tu, na jina lako linatoka safi kama sahani.

Wambeti amesomewa, akasema wewe una roho ya padre. Karatasi ya sahihi ndiyo hii. Irudishe upesi, maana mvua imeanza na posta inajua kusinzia.

Rafiki yako,
Rwamba


Ruiri,
4 Mei 1988

Mwalimu Rwamba,

Karatasi nakurudishia bila sahihi.

Nilitumaini ungeona mwenyewe, nisilazimike kuandika. Lakini wewe ni mtu wa chai na kahawa, na kwako josho lililojaa ni josho zima. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

Hapakuwa na dawa mbovu. Hapakuwa na dawa. Iliisha Juni mwaka jana. Ng'ombe wakipita, kila mmoja hutoka na maji kidogo mwilini, na josho hushuka. Unapima kwa fimbo, unaongeza maji, na kwa maji yale unaongeza dawa yake. Mimi niliongeza maji tu. Niliyateka mferejini kwa debe Jumatatu jioni, mpaka alama ya juu.

Niliandika ofisini. Barua tano, Mwalimu, kwa mkono wangu huu. Ya kwanza hawakujibu, nikadhani imepotea. Ya pili nikaipeleka mwenyewe, kijana akaiweka juu ya nyingine. Zote tano nilizipeleka peke yangu, kimya kimya, kwa sababu niliona aibu watu wajue josho langu halina kitu.

Watu walikuwa wanatoka mbali. Unawaona wanapanda kutoka kwenye ukungu na mifugo yao, wanaanza kukusalimia kabla hawajafika. Nilisema nitawaambia Jumanne ijayo. Rangi ilikuwa bado ipo, harufu ilikuwa bado ipo, nikajidanganya kwamba nguvu nayo bado ipo. Ningesema, wangefungia ng'ombe nyumbani, wangewatoa kupe kwa mkono. Hawakujua. Waliniamini mimi, na mimi nilikuwa nawaogesha kwa maji ya mfereji.

Karembo alipokuwa akifa nilimshika kichwa. Kaberia akanishukuru. Alisema, "Wewe ni ndugu, umefanya yote."

Naona haya sana. Naona haya hata mchana, hata kama hakuna mtu. Sasa umejua kwa nini siwezi kuja huko mbele ya watu wako mia moja na arobaini.

Mwongera


Runyenjes,
31 Mei 1988

Mwongera,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe, hasira kamili. Nilikuwa nikipalilia nakusemesha kwa sauti mpaka watoto wa jirani wakakimbia. Wiki ya pili hasira ikanigeukia mimi. Nilikipitia kitabu kile ukurasa kwa ukurasa, nikaona nilichotaka kuona. Waraka nimeuchana.

Kisha nikaanza kufikiri juu ya zile barua tano. Usiku mmoja niliziona kama ziko hapa chumbani, tano, zinapeperuka chini ya dari bila upepo, hazijui pa kutua.

Sasa na mimi nitakuambia langu. Hatuko mia moja na arobaini. Tuko kumi na mmoja, wote wanawake, na mmoja wetu haendi popote kwa sababu ya mguu. Nilitaja namba kubwa kwa kuwa niliona haya kukualika kwenye kitu kidogo. Kwa hiyo usinione mtakatifu. Wewe ulijaza maji, mimi nilijaza watu.

Kikao bado kipo tarehe 22. Wakisikia kwamba dawa haikuletwa, na kwamba mwangalizi aliandika mara tano, hawawezi kusema josho halina faida. Lakini hayo hayasemeki bila yale mengine, na ni wewe tu wa kuyasema. Wakisikia maji yale na wasisikie barua zile, watalifuta siku hiyo hiyo. Watu wako watakuchukia, pengine. Sitakudanganya tena kwa kitu chochote, wala sitakubembeleza.

Nakuomba jambo moja tu. Ukiamua kuja, usimwache Kaberia ayasikie Embu. Mwambie kwanza.

Rwamba


Ruiri,
13 Juni 1988

Mwalimu,

Nimemwambia.

Alikuja jioni kama kawaida. Nilimwacha amalize uji, kisha nikasema yote, kuanzia debe la kwanza. Nilikuwa natazama moto. Nilipoinua macho, bado alikuwa ameketi, na uso wake ulikuwa mbali sana, kama uso wa mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akauliza, "Cicily anajua?" Nikasema hapana. Akauliza, "Ulikuwa unajua siku ile ya Karembo?" Nikasema ndiyo. Akakiweka kikombe chini polepole asikivunje.

Mlangoni alisema, "Ungeniambia tu, Mwongera. Ningekuja na wewe huko ofisini. Ningelala mlangoni kwao." Kisha akaenda.

Hajarudi tena. Kanisani amehama kiti. Kijiji kizima kimejua sasa, na mimi nikipita njiani mazungumzo yanazima kama taa.

Hilo la kumi na mmoja nililicheka, Mwalimu. Sikudhani naweza kucheka mwezi huu. Nilikuwa nimewaona wengi ndotoni, wanajaza mteremko mzima mpaka msituni, wote wamenitazama. Kumi na mmoja ninaweza kuwaangalia machoni.

Nitakuja. Nitapanda basi peke yangu tarehe 21 na nitalala kwa binamu hapo mjini. Baada ya hapo sijui nitarudi Ruiri kama nani.

Mwongera


Ruiri,
20 Julai 1988

Kwa Mwalimu Rwamba,

Hunijui. Mimi ni Kaberia. Nimepata anwani yako kwa Mwongera, nimemwambia nakutumia viazi. Mimi sioti ndoto na sijui kuandika maneno matamu, kwa hiyo utavumilia.

Nilikuwa Embu tarehe 22. Hamkuniona. Nilipanda basi la pili na nikasimama nyuma karibu na mlango. Sikwenda kumsaidia. Nilikwenda kuhakikisha kama atasema vile alivyoniambia au atapunguza.

Hakupunguza. Alisema debe, alisema mferejini, alitaja na majina ya ng'ombe. Yule mkubwa alimuuliza, "Sasa wewe uliyeharibu mwenyewe, tukusikilize kwa nini?" Akajibu, "Kwa sababu niliandika mara tano peke yangu, na leo siko peke yangu." Wewe uliketi mbele, hukuona mikono yake. Aliificha mgongoni, imeshikana kama inayoshika kamba ya fahali. Ndipo mkubwa akauliza ni nani hao walio pamoja naye, wasimame awaone. Mkasimama. Nikahesabu wanawake kumi, na mmoja mwenye fimbo aliyechelewa kuinuka. Wote wa Embu. Kutoka Ruiri hakuna hata mtu mmoja.

Mimi sikusimama, Mwalimu. Nilikuwa pale, ng'ombe waliokufa ni wangu, na watu wa chai wasiojua hata kukamua ndio waliosimama. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliona aibu kuliko siku niliyozika Karembo.

Tulirudi kwa mabasi tofauti. Kesho yake nilichukua daftari la mtoto nikaanza kuzunguka. Ndambiri alinifukuza na mbwa. Mzee Mbae aliniuliza vipi natembeza chama cha mtu aliyetuua. Nikamwambia, "Mzee, tulikuwa wafugaji sabini hapa, na kwa miezi sita hakuna hata mmoja aliyechungulia dawa inatoka wapi. Tulimwachia mtu mmoja, halafu tunashangaa amekuwa mmoja." Akafikiri, akaniambia nimwandikie jina kubwakubwa, macho yake hayaoni vizuri. Majina ni haya, sitini na matatu. La Ndambiri limo. Mbwa pia amenizoea.

Walichoahidi mbele yenu wamekitimiza. Dawa ililetwa wiki jana na kufuli limeondolewa. Tumekubaliana sisi wenyewe kwamba kuanzia sasa kipimo kitasomwa na watu wawili na dawa itatiwa watu wakiona. Tulipoulizana nani atasimama na Mwongera, kila mtu alimtaja mwenzake. Nikasema mimi. Usifikiri nimemsamehe. Bado sijajua kama nitaweza, na yeye haniulizi.

Jana ilikuwa Jumanne. Kulikuwa na ukungu mzito, mtu humwoni mpaka akufikie. Watu walifika na mifugo yao wakasimama pale juu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwongera alikuwa upande wa kutokea, peke yake, anatazama maji.

Nilibakiwa na mtamba mmoja tu, wa mwaka mmoja na nusu. Cicily alikuwa amenikataza kumtoa nyumbani. Nikamfungua kamba, nikampiga mgongoni kwa kiganja, nikamsukuma ndani.

Kaberia